Motokaa za Safari na Swali la Hali ya Asili

Tosamaganga ni misheni ya kale iliyo juu ya kilima, jirani na Kalenga, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka mji wa Iringa. Wabenediktini wa Kijerumani waliianzisha katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Vita vya 1914–1918 vikawaondoa, na baada yake wakaja mapadre wa Konsolata, shirika lililoundwa Torino, Italia, mwaka 1901. Torino ni mji wa makanisa, lakini ni mji wa motokaa vile vile, maana kiwanda cha Fiat kilianzishwa huko mwaka 1899. Na kwa sadfa tu, jina la mji huo ndilo lililopewa hati ambayo leo wapenzi wa motokaa za kale huiendea wakitaka kujua ni halali kufanya nini, na ni haramu kufanya nini, juu ya chombo kilichozeeka. Hati hiyo, Mkataba wa Torino, ilipitishwa mwaka 2012 na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale.

Swali linaloshughulikiwa na mkataba huo, likitazamwa juu juu, ni dogo. Mtu anayo motokaa ya mbio iliyoundwa miaka 50 au 60 iliyopita. Imelala bandani, sakafu imeliwa na kutu, injini imeshikana, viti vimechanika. Ataka kuirudisha katika hali yake ya asili. Kila mtu huyaelewa maneno hayo mpaka aulizwe maana yake. Je, asili ni siku ilipotoka kiwandani? Ni siku ilipobandikwa namba ya mashindano ubavuni ikapangwa mstarini? Au ni siku ilipofika mwisho wa mashindano, taa moja imevunjika na tope limeifunika hata namba yenyewe?

Watu wa pwani walijua swali hili zamani kwa njia ya jahazi. Jahazi hukalafatiwa, mbao zilizooza hung'olewa na kutiwa mpya, mlingoti hubadilishwa, tanga hushonwa upya. Baada ya miaka 30 pengine umesalia mkuku tu, na hata mkuku huenda umeungwa. Lakini nahodha huliita kwa jina lile lile, na mwenye kudai hudai deni lile lile. Wayunani nao walikuwa na mfano wao, merikebu ya Theseus iliyohifadhiwa Athene, ambayo Plutarch ameiandika habari zake, na wanafalsafa wakabishana juu yake bila ya kumaliza. Wenye majahazi hawakubishana sana, kwa kuwa kaskazi haingoji.

Katika Afrika Mashariki, motokaa zinazostahili kuulizwa swali hili kuliko nyingine zote ni zile za mashindano ya Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na kuanzia katikati ya miaka ya 1970 yakabaki ya Kenya peke yake. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani wakati wa mvua, na hiyo ndiyo iliyoyapa sifa yake duniani. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikafika 7. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikafika 7 tena. Mshindi wa miaka hiyo miwili alikuwa mtu yule yule, Nick Nowicki, na chombo chake kilikuwa cha aina ile ile, Peugeot 404.

Msomaji wa leo aliyezoea lami hana budi kujikumbusha barabara zile zilikuwaje. Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyotoka Rhodesia ikapita Mbeya na Iringa na kuendelea Dodoma na Arusha, kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo na changarawe. Wakati wa kiangazi vumbi lake jekundu liliingia katika kabureta, katika macho na katika chakula. Wakati wa mvua udongo ule ule ukawa kama sabuni. Baada ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini kujitangazia uhuru wao mwezi wa Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalilazimika kupita njia hiyo juu ya malori kutoka Dar es Salaam, na madereva waliopanda milima ya Iringa na Mbeya wakati wa masika wakaifananisha njia na jehanamu. Malori yalianguka mabondeni mengi. Lami ilikuja baadaye, na reli ya Tazara ikaanza kazi miaka ya 1975 na 1976. Kwa hiyo, mtu wa Nyanda za Juu za Kusini hakuhitaji kuelezwa kwa nini motokaa 86 kati ya 93 hazikufika. Ajabu kwake ilikuwa zile 7.

Katika barabara za namna hii motokaa ya mbio haikutazamiwa kufaulu. Motokaa ya mbio ni fupi kwa kimo, viti viwili, boneti ndefu, tumbo lake li karibu na ardhi. Walioshinda Safari katika miaka ya mwanzo walishinda kwa magari ya kawaida ya mjini na shambani: Volkswagen, Ford Zephyr, Mercedes, Peugeot. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na mwaka 1967 pamoja na Chris Rothwell katika Peugeot 404, gari ambalo wakati ule lilikuwa teksi katika miji mingi ya Afrika. Ndipo mwaka 1971 likatokea jambo jipya. Edgar Herrmann na Hans Schüller, ambao mwaka uliotangulia walishinda katika Datsun 1600 SSS, walirudi na motokaa ya mbio hasa, Datsun 240Z, wakashinda nayo. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Kampala, naye alikuwa katika 240Z nyingine.

Motokaa hiyo yafaa ielezwe kidogo, maana sura yake ndiyo iliyoifanya ipendwe na ugumu wake ndio ulioipa ushindi. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Injini yake ina silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja, ujazo wake ni sentimita za ujazo 2393, na hulishwa na kabureta mbili. Breki za mbele ni za sahani, za nyuma ni za ngoma. Kila gurudumu lina springi yake peke yake, hata la nyuma. Haina chesisi iliyo mbali na bodi: bati lenyewe, likiwa limekunjwa na kuchomelewa, ndilo mifupa na ndilo ngozi. Jambo hili la mwisho ni la kukumbukwa, kwa sababu linamfunga mikono fundi atakayetaka kuifufua. Katika lori la zamani kutu ikila mlango, mlango hutupwa na lori likabaki. Katika 240Z kutu ikila sakafu na vizingiti vya milango, imekula motokaa yenyewe.

Mwaka 1973 Mehta alishinda katika 240Z, pamoja na Lofty Drews, na kwa namna isiyosahaulika. Yeye na Harry Källström wa Sweden walifika wakiwa na hesabu moja ya adhabu, wala hapakuwa na tofauti hata ya dakika. Ikabidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza, na huyo akawa Mehta. Mwaka uliotangulia, kwa amri ya Idi Amin ya kuwafukuza watu wenye asili ya Asia, Mehta aliondoka Uganda akahamia Kenya. Aliyeipokea tuzo ya mashindano ya Afrika Mashariki alikuwa mtu aliyepoteza kwao katika Afrika Mashariki.

Motokaa ya Herrmann ilirudishwa Japani. Huko ilikaa katika hifadhi ya kiwanda kwa miaka mingi, na mwaka 2013 kikundi cha wafanyakazi wa Nissan, wanaofufua magari ya kale ya kiwanda chao baada ya saa za kazi, waliishughulikia mpaka ikaenda tena kwa nguvu zake yenyewe. Kwa upande mmoja hiyo ni bahati kubwa. Mwenye motokaa ni yule aliyeiunda, michoro anayo, na mwenye kutaka kujua bolti fulani ilikuwa ya rangi gani huenda kabatini akatazama. Lakini kabati la kiwanda lina habari za kiwanda tu. Motokaa ile iliishi siku chache za maisha yake makubwa katika nchi nyingine, na siku hizo hazikuchorwa na mhandisi ye yote. Zimechorwa katika bati.

Ili jambo hili lieleweke, heri kuitazama motokaa nyingine iliyotangulia, ambayo si ya mbio kwa kuzaliwa bali kwa malezi. Mwaka 1964 Volvo walileta katika Safari motokaa za kiwanda za aina ya PV544, gari la mgongo wa duara lenye milango miwili, la mtindo uliokuwa umekwisha kuwa wa kizamani hata wakati ule. Hazikufaulu. Moja yake ikaachwa huku, nayo ikanunuliwa na Joginder Singh. Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, akalelewa katika gereji ya baba yake, na mwaka 1958 akawa mtu wa doria wa chama cha wenye motokaa, kazi yake kuwasaidia barabarani walioharibikiwa. Mtu huyu hakuwa dereva aliyejifunza ufundi. Alikuwa fundi aliyejua kuendesha. Yeye na ndugu yake Jaswant waliifungua ile Volvo iliyochoka, wakaiunda upya kwa mikono yao, na mwaka 1965 wakashinda wakiwaacha wa pili nyuma kwa dakika 100.

Sasa tuseme gari hilo limeletwa mbele ya fundi leo, naye ameambiwa alirudishe katika hali ya asili. Akilirudisha kama lilivyotoka Sweden, atakuwa amelitengeneza gari lililoshindwa. Kila alichokiongeza Joginder, kila kipande cha bati alichokaza, kila tundu alilotoboa, katika hesabu ya kiwanda ni kosa. Na makosa hayo ndiyo yaliyoshinda. Fundi mwangalifu atayaacha. Fundi mtiifu kwa kitabu cha kiwanda atayaondoa moja moja, kwa bidii na kwa moyo safi, na mwisho wa kazi yake atakuwa na PV544 nzuri kabisa isiyo na habari yo yote ya kusimulia.

Kazi yenyewe huanza kwa karatasi kabla ya spana. Katika 240Z namba ya chesisi imegongwa katika ukuta wa bati ulio kati ya injini na abiria, nayo hutanguliwa na herufi: HS30 ni ya usukani wa kulia, HLS30 ni ya usukani wa kushoto. Namba ya injini imegongwa katika bloku. Zikilingana namba hizo na hati, moyo wa mwenye mali hutulia. Zisipolingana, hapo ndipo historia inapoanza kuwa tamu, maana injini haibadilishwi bila ya sababu. Kisha hupigwa picha za kila pembe, na kila kipande kinachofunguliwa hutiwa katika mfuko wake na kuandikwa jina. Walioidharau hatua hii wamelia miezi 18 baadaye, mbele ya debe la bolti 400 zisizojulikana ni za wapi.

Halafu rangi. Fundi mwenye subira huchukua msasa laini akasugua mahali padogo, upana wa sarafu, mpaka rangi zote zilizopakwa zionekane moja ndani ya nyingine kama pete za mti uliokatwa. Hapo atasoma: rangi ya kiwanda, rangi ya mashindano, rangi ya mwenye gari wa tatu aliyependa kijani, puti iliyojazwa baada ya ajali ambayo hakuna aliyeikiri. Ni afadhali kusoma hivyo kuliko kutegemea picha za magazeti ya zamani, ambazo nyingi hazina rangi. Chini ya rangi ni bati, na chini ya bati ni kutu. Mahali kutu ilipotoboa, bati hukatwa mpaka lipatikane lililo zima, kisha kipande kipya hukunjwa, hupimwa, huchomelewa. Swali hurudi hapo: kipande hicho kifichwe kisionekane kabisa, au kiachwe na alama ndogo ya kumwambia mtafiti wa miaka 100 ijayo kwamba hiki ni cha leo?

Injini, kinyume cha wanavyodhani wengi, huwa na ubishi mdogo. Silinda hupanuliwa kidogo na kutiwa bastola za kipimo kikubwa zaidi, krenki husuguliwa, ringi na gasketi huwa mpya. Injini zote za zamani ziliishi hivyo tangu ujana wake, wala hakuna anayeuliza ringi za mwaka 1971 ziko wapi. Ni kama kucha za mtu. Ugumu hurudi katika vitu vidogo: kitambaa cha viti ambacho kiwanda chake kilifungwa, mpira wa madirisha, rangi ya manjano iliyopakwa juu ya bolti kuzuia kutu, taa ya kusomea ramani iliyokuwa mbele ya msomaji wa njia. Vitu hivi havipatikani, na ndivyo vinavyojaza miaka katika kazi iliyotazamiwa kuchukua miezi.

Na kuna matundu. Motokaa ya Safari imetobolewa kila mahali: matundu ya kufungia taa za ziada, ya kushikia bamba la chuma linaloukinga mtungi wa mafuta ya injini na mawe, ya kupitishia nyaya, ya kufungia jeki. Mengine yalitobolewa kwa utaratibu kiwandani. Mengine yalitobolewa usiku kando ya njia, na mtu aliyepiga magoti topeni na tochi mdomoni. La kwanza ni la duara kamili. La pili limepinda. Katika karakana za kufufulia motokaa, kosa lililo jepesi kuliko yote ni kuliziba la pili, kwa sababu linaonekana kama kosa.

Nchi nyingine zimekwisha kulifikisha jambo hili hata mbele ya hakimu. Mwaka 1990, katika mahakama ya London, watu wawili waligombania Bentley iliyojulikana kwa jina la Old Number One, motokaa iliyoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na mwaka 1930. Mmoja alikubali kuiuza kwa pauni milioni 10. Mwingine, akiisha kuchunguza, akasema hii siyo. Na kweli, motokaa ile ilikuwa imebadilishwa mara nyingi. Mwaka 1932, ikiwa na injini kubwa zaidi, iliruka nje ya njia ya mashindano huko Brooklands na kumwua dereva wake, Clive Dunfee. Ikaundwa tena, ikapewa bodi nyingine. Ya mwaka 1929 havikusalia ila vikorokoro. Hakimu Otton aliamua kwamba motokaa haiwezi kuitwa ya asili kwa maana ya vipande vyake, lakini ni ya kweli, kwa kuwa tangu mwanzo hata siku ile haikukoma hata mara moja kuwa chombo kimoja chenye jina lake, kikibadilika mbele ya macho ya watu. Muuzaji akashinda. Nahodha wa jahazi angalitoa hukumu hiyo bila ya gharama.

Wataalamu wa majengo walikuwa wamepita njia hii mapema. Katika karne ya 19 Mfaransa Viollet-le-Duc alifundisha kwamba kulifufua jengo ni kulikamilisha, hata kwa ukamilifu ambao huenda halikuwa nao siku yo yote. Naye akayajaza makanisa ya Ufaransa minara aliyoiona ni lazima yangalikuwa nayo. Mkataba wa Venisi wa mwaka 1964 ulimkanusha: kazi ya kufufua hukoma mahali dhana inapoanza, na michango ya kila zama katika jengo yapasa kuheshimiwa. Mkataba wa Torino umeyachukua mawazo hayo ukayatia katika gereji. Huweka tofauti kati ya kutunza, kuhifadhi na kufufua, na hupendelea kwanza kazi inayogusa kidogo. Mtu aweza kuusoma wote kwa muda wa kunywa chai. Kuufuata ni kazi nyingine, maana soko hulipa zaidi kwa motokaa inayong'aa.

Mikataba hiyo imeandikwa Ulaya na kwa mazoea ya Ulaya, ambako vipuri vya kiwanda vilipatikana na gari lilitoka mkononi mwa mwenye fedha mmoja kwenda kwa mwingine. Hapa kwetu mambo yalikuwa mengine. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na miaka ya 1980 Tanzania ilikosa fedha za kigeni, na spea zikawa adimu kuliko sukari. Gari lililoharibika halikungoja meli. Jani la springi ya lori lilikatwa na kupigwa moto likawa springi ya gari dogo. Gasketi ilikatwa kwa mkasi katika karatasi nene. Injini ya aina moja iliingizwa katika gari la aina nyingine na mabano ya kuishikia yakachongwa mahali pale pale. Fundi wa Iringa, wa Mafinga au wa Mbeya aliyeishi miaka hiyo ana ujuzi ambao haumo katika kitabu cha kiwanda cho chote, wala haukuandikwa katika Kiswahili isipokuwa majina ya vipuri tu. Motokaa iliyopita mikononi mwake ina historia mbili. Anapokuja mnunuzi kutoka ng'ambo akaipakia melini, historia ya kwanza hupelekwa kwenye karakana ikang'arishwa. Ya pili hukatwa na kutupwa pamoja na bati bovu, na katika hesabu ya malipo huandikwa kuwa ni uchafu ulioondolewa. Hapa ndipo penye hasara, na hasara si ya mnunuzi.

Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari ya magari ya kale, na safari yake ya kwanza ilipita Kenya na Tanzania. Ni jambo la kufurahisha kuziona 240Z na Escort na Porsche zikirusha tena vumbi. Hata hivyo, asidanganyike mtazamaji: nyingi zimekazwa kwa mabomba ya chuma na kupewa shokapu ambazo mwaka 1971 hazikuwapo, kwa kuwa mwenye akili hawezi kuipeleka kwenye mawe motokaa iliyobaki peke yake ya aina yake. Hizo ni michezo ya kuigiza yenye injini, tena mizuri. Hazidai kuwa ushahidi.

Ni vema kurudi Tosamaganga, au tuseme Kalenga iliyo chini ya kilima chake, kwa sababu watu wa hapo walipata kukabiliwa na swali la hali ya asili katika jambo zito mno kuliko chuma, ambalo halilinganishwi na motokaa ila kwa upande wa hoja tu. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwezi wa Julai 1898 asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe. Hakikurudi. Miaka mingi baadaye Gavana Edward Twining alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, ambako yalikuwako mafuvu mengi, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Liko pale hata leo, katika makumbusho.

Wataalamu wameuliza tangu wakati ule kama vipimo vinatosha kuwa hoja. Ukiipima habari hiyo kwa kanuni ya Hakimu Otton, shida yake huonekana mara moja: mnyororo ulikatika. Kwa miaka zaidi ya 50 hapakuwapo mtu wa kusema kitu hicho ni hiki, kilikuwa hapa, kilitoka hapa kikaenda pale. Kilichokosekana hakikuwa mfupa. Ilikuwa hati moja, kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi, ambacho askari au daktari wa mwaka 1898 hakuona haja ya kukiandika, au alikiandika kikapotea. Wahehe walilipokea fuvu kwa heshima, na heshima hiyo ya miaka 70 imekuwa sasa sehemu ya historia yake, hata katika macho ya mwenye shaka.

Vijana waliofuata motokaa za Safari katika magari ya msaada mwaka 1971, wakibeba springi na madumu ya petroli, wakilala chini ya turubai, leo walio hai wamekaribia au wamepita miaka 75. Wao ndio wanaojua ni nani aliyechomelea nini, na kwa moto gani, na kwa nini tundu lile limepinda. Hawaonekani katika picha za washindi, kwa kuwa picha hupigwa mbele ya boneti nao walikuwa nyuma wakikusanya spana. Peugeot 404 walizozitengeneza baada ya mashindano, nyingi zilirudi kazini: zilibeba abiria saba mahali pa watano, kisha magunia ya mahindi, kisha zikasimama juu ya mawe uani, watoto wakachezea usukani. Mwisho akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, akauliza kilo ngapi.